Gitaa halitulii? Msizionee funguo!

Washkaji, eti tuchange hela ya funguo mpya za gitaa la hosteli, na bumu lenyewe halijatoka? Mi nakataa. Jana nimekaza uzi wa tatu, kimya, halafu "ting!", sauti ikaruka ghafla. Hapo ufunguo hauna kosa. Uzi unakwama kwenye kile kipande chenye vijia, shingo inapokutana na kichwa. Nikalegeza uzi, nikasugua ncha ya penseli kwenye kijia, unga wake unateleza, nikatyuni upya. Umetulia mpaka leo! Nyuzi mpya nazo zivuteni kwa mkono kwanza, na mkityuni malizieni kwa kukaza, sio kulegeza. Jua la Mtwara linalegeza nyuzi kweli, kwa hiyo Jumamosi pale Shangani gitaa likae kivulini. Penseli ninayo.