Waacheni na Taa Zao

Jumamosi moja jioni, katika mojawapo ya zile barabara zenye namba hapa Buyenzi, tulikusanyika vijana sita kutazama kompyuta mpya ya rafiki yangu. Nasema mpya, lakini si kwa maana ya dukani. Kasha lilitoka Kampala kwa mkono wa mfanyabiashara, kadi ya grafiki ni ya mtumba, na ramu zilichomolewa kwenye mashine iliyokwisha kufa. Aliikusanya kipande kwa kipande kwa muda wa miezi 14. Alipobonyeza swichi, feni tatu za mbele ziliwaka nyekundu, zikageuka zambarau, kisha kijani, na chumba kizima kikawa kama ukumbi wa harusi.

Tulishangilia. Baba yake mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, alisema neno moja tu: "Upuuzi." Halafu akaongeza: "Nchi haina umeme, ninyi mnapamba makasha!"

Sikumjibu. Kwetu si adabu kijana kubishana na mzee mlangoni pake. Lakini neno lile nimelisikia tena chuoni, safari hii kutoka kwa wenzangu wanaosomea kompyuta, nao wanalisema kisomi zaidi: taa za rangi ni utoto, mtu mzima hununua kasha jeusi lisilo na kioo, ladha nzuri ni utulivu. Insha hii inawapinga wote wawili, mzee na wasomi. Na nisije nikadhaniwa kuwa najitetea, niseme mapema: kompyuta yangu ni nyeusi, haina taa ila ile moja ndogo ya kuonyesha kwamba imewaka. Taa zinazobadilika rangi zinanichosha macho. Sizipendi. Ila kutopenda kwangu si sheria.

Tuanze na hoja ya umeme, kwa kuwa ndiyo nzito. Ni kweli kwamba Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo umeme umefika kwa watu wachache. Takribani mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayeupata. Bwawa la Rwegura, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mhimili wetu, lina uwezo wa megawati 18 tu. Mzee hakusema uongo. Lakini tupige hesabu. Taa moja ndogo ya aina hii, ikiwaka rangi zake zote tatu kwa nguvu zote, hula karibu theluthi moja ya wati. Ziwe taa 30 katika feni zote, jumla yake ni kama wati 9. Pasi ya umeme hula wati 1000 inapopata moto. Dakika kumi za pasi iliyo motoni zingetosha kuwasha taa zile kwa zaidi ya saa 18. Mzee yule hupiga pasi shati lake kila Ijumaa, na hakuna aliyesimama mlangoni kumwambia kwamba nchi haina umeme.

Tena, kama kweli shida ingekuwa wati, angeinyooshea kidole kadi ya grafiki. Kadi ya kawaida tu kama GTX 1660 Super imekadiriwa kula wati 125, na wakati wa mchezo huzila kwelikweli. Hakuitaja, kwa sababu haionekani. Kilichomkera ni rangi, na umeme ulikuwa fimbo ya kuichapia.

Kisha kuna jambo ambalo wanaozicheka taa hizi hawalijui au wamelisahau. Taa nyekundu za aina hii zilikuwapo tangu miaka ya 1960. Ya buluu yenye nguvu ilikosekana kwa takribani miaka thelathini, hadi wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata. Mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Buluu ndiyo iliyokamilisha rangi tatu zinazozaa zile zambarau na kijani za kasha la rafiki yangu. Na buluu hiyohiyo, ikipakwa unga wa kuigeuza mwanga, ndiyo hutoa nuru nyeupe ya taa za sola ambazo mwanafunzi wa kijijini husomea usiku. Taa ya anasa na taa ya haja ni watoto wa mama mmoja. Anayemtukana mmoja na kumsifu mwingine hajui ukoo wao.

Sasa nije kwenye hoja ya ladha. Nawauliza wasomi wenzangu: khanga ikiondolewa jina lake, yale maneno ya pindoni, itashindwa kufunika? Haitashindwa. Lakini hakuna mama atakayeinunua. Milango ya kale ya Zanzibar ina misumari mikubwa ya shaba iliyochomoza nje. Husimuliwa kwamba asili yake ni India, ambako iliwekwa ili ndovu wasivunje malango. Unguja hakuna ndovu wa vita, na misumari imebaki kwa sababu inapendeza na kwa sababu inamwambia mpita njia kwamba humu kuna mwenyewe. Leo watalii huvuka bahari kuipiga picha, na sisi tunaiita urithi.

Au tuwatazame majirani zetu wa Nairobi. Mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu zilifungiwa kanuni kali: vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, na mstari wa manjano ubavuni. Vidhibiti na mikanda viliokoa roho za watu, na siwezi kuvipinga. Lakini michoro na rangi nazo zilisombwa na mkondo huohuo, kana kwamba picha ya mwanamuziki ubavuni mwa gari ndiyo iliyokuwa ikisababisha ajali. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alifungua tena mlango kwa sanaa hiyo, na leo matatu zenye taa na michoro ni fahari ya jiji na ajira ya wachoraji. Serikali nzima ilihitaji miaka kumi kutenganisha mwendo kasi na rangi. Baba mdogo hatumlaumu sana.

Na wasomi wasidhani kwamba kasha jeusi halisemi kitu. Linasema: "Mimi ni mtu makini, sina haja ya kuonekana." Hilo nalo ni pambo, ila limevaa suti. Mara nyingi lina bei kubwa kuliko kasha la kioo linalometameta. Kuvaa suti si kosa. Kosa ni kumwambia aliyevaa kitenge kwamba yeye amejipamba na wewe hukujipamba.

Hata hivyo sitawasafisha wanaopenda taa kwa kila jambo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Binamu yangu aliuziwa mjini kompyuta iliyowaka kama sherehe, kumbe kisambaza umeme chake kilikuwa cha hovyo, hakina hata kibandiko cha kuonyesha wati. Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo, na mashine ikafa pamoja na akiba ya mwaka mzima. Aliyekosa ni muuzaji aliyetumia taa kama pazia, naye angeweza kutumia pazia lolote. Kwa hiyo nawashauri wenzangu: fedha ya kwanza iende kwenye kisambaza umeme na stabilaiza, ya pili kwenye prosesa na kadi, na kitakachobaki, hata kikiwa kidogo, kiende kwenye rangi uipendayo. Tena ukilala chumba kimoja na wadogo zako, zima taa wanapolala. Ladha yako inaishia yanapoanzia macho ya mwenzako.

Nimefika kwenye kiini cha ugomvi wangu, na si kompyuta. "Nchi haina umeme, ninyi mnapamba makasha." Sikilizeni vizuri kauli hiyo. Inasema kwamba maskini ana haki ya kupata anachohitaji tu, na kwamba anayejua anachohitaji ni mtu mwingine. Mimi nasoma Kiswahili. Kila likizo huulizwa: "Kiswahili cha sokoni tayari unakijua, mashairi ni ya nini? Yatakupa mkate?" Ni swali lilelile la mlangoni, limebadilisha shati tu. Vina na mizani haviongezi maana ya habari, kama vile rangi haziongezi kasi ya prosesa. Lakini watu wa pwani walitunga tenzi wakiwa na njaa, na mama zetu walichagua khanga kwa jina lake wakiwa na fedha ya khanga moja tu. Anayenikataza pambo leo kwa sababu ya umaskini, kesho atanikataza mchezo, na keshokutwa atanikataza wimbo, kila mara kwa hesabu iliyo sahihi.

Rafiki yangu alinyima nafsi yake mengi kwa miezi 14. Hakuiba, hakukopa, wala hakumpunguzia mdogo wake sahani. Kipendacho moyo ni dawa, na dawa ya mtu huinywa mwenyewe. Mimi nitaendelea na kasha langu jeusi, naye na upinde wake wa mvua, na usiku tutacheza mchezo mmoja. Kwa baba mdogo naomba radhi kwamba nimemjibu kwenye karatasi. Nikimkuta tena mlangoni nitamwamkia kwa heshima zote, na akinikaribisha chai nitakunywa. Lakini neno lake silikubali.