Zamu ya Mama Kando ya Kitanda



Mwezi huu tuache kidogo habari za mapishi na za bustani. Nataka niwasimulie siku nne nilizokaa kando ya kitanda cha binti yangu alipokuwa mahututi. Najua wengi wenu mmepita njia hiyo, na wengine wataipita bila kutazamia.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Tunakaa Kirando, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, na usiku ule baba yake alikuwa ziwani akivua. Jioni mtoto alishikwa na homa. Usiku akakakamaa mwili mzima na macho yakageuka. Mama mkwe wangu akasema, "Hilo ni degedege. Ukimpeleka kuchomwa sindano, atakufa." Akachemsha majani, akamwosha, akamfukiza. Mimi nilinyamaza. Kulipopambazuka nilimwita mtoto kwa jina lake, asiitike.

Msiwe wepesi wa kumlaumu mama yule. Katika ujana wake alizika watoto wawili waliokufa mara tu baada ya kuchomwa sindano. Watoto wale walifikishwa kwa mganga wa zahanati wakiwa wamekwisha kuzidiwa, na sindano ikabeba lawama ya malaria. Hofu yake ilitokana na msiba. Lakini hofu hiyo ilinigharimu usiku mzima, na mtoto wa namna ile hana usiku wa kupoteza.

Kituoni walimpima, wakamkuta na malaria kali, wakampa dawa ya kwanza na kutuandikia rufaa. Gari likapanda mlima kupitia Namanyere hadi Sumbawanga. Ninyi wa Ufipa mnajua baridi ya huko, kwenye mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mimi mtu wa ziwani nilifika na khanga mbili tu. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha jirani, alinifunika nusu ya blanketi lake.

Mtoto aliwekewa dripu mkononi, oksijeni puani, na mpira mwembamba wa kumlishia uliopita puani hadi tumboni. Daktari alinieleza kwa maneno mepesi. Malaria ikizidi, chembe za damu zenye vijidudu hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuiziba. Ndipo mtoto hushtuka na kupoteza fahamu. Sukari ya mwilini hushuka, na damu nayo hupungua. Zamani walitumia kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kati ya watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11. Kati ya 100 waliopewa sindano ya artesuneti walikufa kati ya wanane na tisa. Hiyo ndiyo sindano aliyochomwa binti yangu. Akina mama, sindano ile ile tunayoiogopa!

Siku ya pili nilifanya kosa jingine. Nilimwona mtoto amekauka midomo, moyo ukaniuma. Ni mama gani awezaye kukaa na mtoto asiyekula? Wauguzi walipogeuka nilichota uji kwa kijiko nikampelekea kinywani. Muuguzi mmoja aliniwahi mkono. "Mama, unataka kumuua?" Nililia kwa uchungu na kwa hasira. Baadaye alikuja akakaa nami, akanieleza taratibu kwamba mtoto asiyejitambua hawezi kumeza vema. Uji huingia mapafuni, ukampalia hata akafa.

Usiku ule nilimkumbuka binti wa Yairo. Sote twajua kwamba Bwana Yesu aliagiza mtoto yule apewe chakula. Nilikuwa nimelipenda sana jambo hilo tangu zamani, maana ni agizo ambalo kila mama analielewa. Lakini sikuwahi kuangalia utaratibu wake. Aliagiza hivyo baada ya mtoto kuinuka na kutembea. Upo wakati wa kulisha, na upo wakati ambapo upendo wa mama ni kuzuia mkono wake.

Basi mama afanye nini, ikiwa kazi zake zote zimechukuliwa na wengine? Yule muuguzi alinifundisha, nami nawafundisha ninyi.

Kwanza, sema kweli yote. Homa ilianza saa ngapi, alishtuka mara ngapi, alikunywa dawa gani, hata zile za miti shamba. Nilipoulizwa niliona haya, nikaficha habari za majani mpaka nilipoulizwa mara ya pili. Daktari hawezi kutibu asichokijua.

Pili, uwe jicho. Wauguzi ni wachache na vitanda ni vingi. Wewe unamtazama mmoja tu. Pumzi ikibadilika, mkono ukianza kurukaruka, jasho jingi likimtoka au dripu ikisimama, ita mara moja. Usiguse mitambo wala usiondoe mpira.

Tatu, mshike na useme naye. Mwimbie nyimbo anazozijua, mtajie ndugu zake. Hata kama haitiki, sauti yako si kitu cha bure pale.

Nne, kula na ulale kwa zamu. Mama akianguka, wagonjwa ni wawili. Na kama mtoto ni wa kunyonya, uliza juu ya kukamua maziwa ili apewe kwa mpira, yasije yakakauka.

Na sala? Nitawaambia ukweli. Sala zangu za kwanza zilikuwa biashara. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, kana kwamba ananidai. Nilidhani mtoto anaadhibiwa kwa ajili ya unyamavu wangu. Lakini wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana alikataa hesabu ya namna hiyo. Nilikosa, ndiyo, na nimetubu. Ila Mungu halipizi kisasi juu ya kitanda cha mtoto.

Usiku wa tatu mtoto wa yule mama aliyenipa blanketi alifariki. Walikuwa na madaktari wale wale na dawa zile zile, na yeye alisali kuliko mimi. Sikuwa na la kusema. Nilimwogopa hata, kana kwamba msiba wake utaniambukiza. Kisha nikaona aibu, nikaenda nikakaa naye sakafuni mpaka ndugu zake walipokuja. Sikumwambia kwamba Mungu amempenda zaidi mwanawe. Tusiambiane maneno hayo, akina mama. Nilimrudishia blanketi likiwa limekunjwa, akalikataa. Akasema nibaki nalo, maana mimi bado nina wa kumfunika.

Siku ya nne binti yangu alifumbua macho akaomba maji. Muuguzi alimjaribu kwanza kwa kijiko kimoja, akameza. Ndipo aliponigeukia na kunipa kikombe.

Tulipotoka alipewa dawa mseto ya kumalizia kwa siku tatu. Mguu wa kushoto ulilegea kwa majuma kadhaa, akawa anajikwaa. Baadhi ya watoto hubaki na udhaifu, au kifafa, au uzito wa kusema na kujifunza. Kwa hiyo msiache kuwarudisha kliniki hata kama wanacheza.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alimchukua mtoto asiseme neno. Jioni aliniuliza, "Na wale wangu, wangewahishwa, wangepona?" Nikamjibu, "Mama, sijui. Lakini huyu tungemwahisha, asingefika hapo." Tulilia pamoja. Mwaka uliofuata jirani yetu alipatwa na jambo lile lile usiku wa manane. Aliyetoka kugonga mlango wa mwenye gari alikuwa ni yeye, bibi yule, na fimbo yake.

Mpenzi msomaji, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishtuka, au akilegea asiamke vema, usingoje kuche. Sali ukiwa njiani.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.