Maji Yaliyomwagika Kwenye Utepe

Toleo hili linahusu kazi ya kutengeneza albamu studioni, na tunalifungua kwa hoja moja: albamu huivishwa na maamuzi, si na wingi wa mitambo. Ushahidi tunauchukua kwa bendi ya Beatles, kwa kuwa kisa chao mara nyingi husimuliwa kinyume. Februari 11, 1963, walirekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza, Please Please Me, kwa siku moja. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ikawachukua takriban miezi mitano, kuanzia Novemba 1966 hadi Aprili 1967, sehemu kubwa katika studio zilezile za EMI, mtaa wa Abbey Road, London. Ziara za maonyesho walikuwa wamekwisha kuziacha tangu Agosti 1966, hivyo hakuna jukwaa lililowaita. Wengi huhitimisha kwamba siri ilikuwa muda na vifaa.

Vifaa vyenyewe vilikuwa mashine za utepe zenye njia nne tu za sauti. Ngoma, gitaa la besi, piano na uimbaji vyote vilibanana humo. Njia zikijaa, mtayarishaji George Martin na fundi mitambo Geoff Emerick walizichanganya na kuzihamishia kwenye utepe mwingine, zikakaa katika njia moja au mbili, ili nafasi ipatikane. Tangu hapo ngoma haikuweza kupandishwa bila kupanda pamoja na kila kilichochanganywa nayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Ilibidi waamue wimbo ukingali nusu, kisha wajenge juu ya walichokwisha kuamua.

Usikilize wimbo wa A Day in the Life. Januari 1967 waliacha katikati yake pengo la vipimo 24, bila kujua watalijaza kwa nini. Msaidizi wao, Mal Evans, alivihesabu kwa sauti, na pengo lilipofika mwisho saa ya kengele ikalia kuwa alama. Mlio huo uliingia kwenye utepe ukabaki, na ukaangukia palepale sehemu ya McCartney, mmoja wa wanabendi, inapoanza na mtu anayeamka asubuhi. Februari 10 wapigaji 40 wa okestra walilijaza pengo lile: kila mmoja alianzia chini kabisa ya ala yake akapanda hadi juu kwa mwendo wake mwenyewe. Bila pengo lililokubaliwa mapema, okestra isingekuwa na mahali pa kupandia.

Yupo atakayesema kwamba wanamuziki hawa waliuchukia ufinyu huo, na kwamba usiku uleule wa okestra fundi Ken Townsend aliunganisha mashine mbili ili zizunguke pamoja. Ni kweli. Atataja pia Strawberry Fields Forever, wimbo wa vipindi vilevile uliotoka nje ya albamu Februari 1967: Lennon, mwenzake McCartney katika bendi, alipenda mwanzo wa rekodi moja na mwisho wa nyingine, zilizotofautiana kasi na ufunguo, asikubali kuchagua. Lakini Martin na Emerick walirekebisha kasi hadi rekodi hizo zikakutana, wakaukata utepe karibu na dakika ya kwanza. Mkato ule nao ni uamuzi, na unasikika hadi leo. Walipigana na ukuta kwa sababu walijua wanakotaka kwenda.

Wala hatusifu dhiki. Bendi isiyo na vifaa haihitaji kuhubiriwa subira. Kompyuta ya leo hupokea njia mia na kufuta kosa lolote, na hiyo ni neema. Hatari yake ni kwamba kila uamuzi unaweza kuahirishwa hadi kesho, na wimbo ambao kila sehemu yake inasubiri hauna msingi wa kujengewa. Anayerekodi sasa na ajiwekee mpaka wake: achanganye ngoma leo, afute vipande vya akiba, aimbe juu ya kilichobaki. Saa ile ya kengele ingefutwa leo kwa sekunde moja, na asingekuwepo mtu wa kujua kilichopotea.