Treni ya Zamani Imepumzika, na Abiria Je?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya treni. Musishangae. Sisi wa Kolwezi tumekomaa pembeni ya reli, na ndani ya habari ya treni iko neno linalogusa nyumba zetu zote. Na ninyi wa Musumba, ambako reli haikufika, someni mpaka mwisho. Mutaona kama linawahusu.

Wazee wanajua historia hii. Njia ya reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, ikitoka upande wa kusini. Mwaka 1931 ile ya kutoka Tenke, kupita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji mpaka Dilolo, iliungana na reli ya Angola inayoshuka mpaka bahari, kule Lobito. Katika miaka ya 1950, wakati mitambo ya umeme ya Nzilo na Nseke ilijengwa juu ya muto Lualaba, mashini za umeme zilianza kuvuta treni katika Katanga yetu. Reli ilitengenezwa juu ya kubeba shaba. Lakini nyuma ya shaba walipanda watu.

Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 tunakumbuka ile treni ya abiria. Mama alifunga bukari na samaki katika kitambaa, tukakaa kwa gare toka asubuhi. Humo walisafiri bibi arusi na vyombo vyao, wanafunzi na masanduku yao, waimbaji wa kwaya wanaokwenda kwa mukutano, hata wafu waliorudishwa kuzikwa kwao. Ilibeba machozi pia. Mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, jamaa nzima zililala siku nyingi kwa gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingojea kuondoka. Treni haichagui. Inabeba wema wetu, inabeba na zambi yetu.

Kiisha ilizeeka. Viti vilivunjika, madirisha yakakosa vioo, mashini zikakosa vipande vya kubadilisha. Safari zikapunguka kidogo kidogo, mpaka mutu hakujua tena ni siku gani ya kwenda kwa gare. Hakuna siku tuliyoitwa kuiaga. Hakuna aliyesema: asante, umetumika vizuri, na huyu hapa ndiye atakayechukua nafasi yako.

Nimefikiri hayo nikisoma habari ya mbali. Katika jimbo la California, kule Marekani, iko treni inayobeba watumishi kila asubuhi kutoka miji ya pembeni mpaka San Francisco. Inaitwa BART. Treni zake za kwanza zilianza kazi tarehe 11 Septemba 1972, na zilitumika zaidi ya miaka 50. Zilipozeeka, hazikutupwa kwa siku moja. Treni mupya zilianza kubeba watu Januari 2018, na zile za zamani zikaendelea kutumika pamoja nazo kwa zaidi ya miaka mitano. Septemba 2023 za zamani zikatoka katika kazi ya kila siku, lakini zikawekwa tayari kusaidia kama shida inatokea. Tarehe 20 Aprili 2024 watu wakakusanyika kuziaga, wakapanda kwa safari ya mwisho. Vyumba vichache vya treni hizo vikapelekwa kwa makumbusho ili watoto wavione.

Sisemi kama Wamarekani ni watakatifu. Wana makuta ambayo sisi hatuna. Lakini angalieni utaratibu wenyewe: mupya alifika kwanza, ndipo muzee akapumzika. Abiria hakuachwa barabarani hata siku moja.

Utaratibu huo haukuzaliwa California. Fungueni Biblia zenu, Hesabu 8, mustari wa 24 mpaka 26. Mungu alipanga kazi ya Walawi: waingie katika utumishi wakiwa na miaka 25, na wakifika miaka 50 waache kazi ile ya nguvu. Lakini hakuwafukuza hemani. Wabaki pamoja na ndugu zao, wakiwasaidia kulinda. Muzigo uliondolewa mabegani mwa muzee, heshima yake haikuondolewa. Na hema haikubaki bila wabebaji, kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha kuingia, wakijifunza pembeni yake.

Sasa niwaambie neno linalonisumbua. Treni ya abiria ilipopunguka, abiria hawakupunguka. Bado iko mama mwenye msiba Luena, bado iko kijana anayetafuta kazi Fungurume. Basi walipanda treni ya mizigo. Tarehe 12 Novemba 2017, katika territoire ya Lubudi, treni iliyobeba mafuta ilianguka katika bonde na kuungua. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 10 Machi 2022, kwa Buyofwe, katika territoire hiyo hiyo, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka. Hesabu iliyotangazwa ilifika wafu 75. Kwa makaratasi walikuwa watu waliopanda bila ruhusa. Kwa Mungu walikuwa watu 75, kila mumoja na jina lake.

Wengine walisema: ni ujinga wao. Mimi sikuweza kusema vile, na nitawaeleza juu ya nini. Miaka michache mbele ya ajali ile, mama mumoja wa kanisa letu alikuja kwangu saa ya magaribi. Kaka yake alikuwa amekufa Luena. Aliomba tumusaidie makuta ya njia. Nilijibu kama sanduku la kanisa limefungwa mpaka Siku ya Mungu, na mashemasi hawako. Nikamuombea, akasema amina, akaenda. Nilijua yeye baadaye kwamba alipanda juu ya treni ya mizigo, mutoto mugongoni, usiku, katika baridi. Alirudi salama, na hakunilaumu hata kidogo. Lakini siku redio ilipotangaza Buyofwe, nilikaa chini. Niliona wazi kama angeweza kuwa mumoja wao, na maombi yangu ndiyo yalikuwa tikiti niliyomupa.

Toka siku ile katika kanisa letu tuko na sanduku dogo la msiba na ugonjwa, na ufunguo wake unakaa kwa mama shemasi anayeishi karibu. Si makuta mengi. Lakini halingojei Siku ya Mungu.

Wapenzi, mambo matatu ninawaachia.

La kwanza ni kwa wenye nyumba. Mbele ya kuondoa kitu cha zamani, ulizeni: nani alikuwa anapanda humo? Baba anayeuza shamba la marehemu muzee wake kwa kuwa «halina faida tena», amekwisha kuuliza ni nani alikula kwa shamba lile?

La pili ni kwa vijana. Muzee aliyerudi nyumbani na pansioni si chuma cha kutupa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Wengi wao ndio wazee mnaowaona wakikaa chini ya muembe. Mikono yao inajua kazi ambayo ninyi munatafuta. Ketini karibu nao kama Mulawi kijana karibu na Mulawi muzee. Na tena nawasihi: musipande treni ya mizigo, hata kama wenzenu wanacheka. Mukikosa njia, gongeni mulango wa kanisa.

La tatu ni kwetu sisi wachungaji na mashemasi. Mutu akigonga, tusimupe maombi peke yake kama mukononi tuna kitu kingine. Yakobo alisema wazi juu ya jambo hilo, sura ya 2, mustari wa 15 na 16. Tusome tena bila haraka.

Wanasema reli yetu inatengenezwa, juu ya shaba na kobalti kufika Lobito. Tunashukuru. Tuombe, na wale wenye nafasi ya kusema waseme, ili nyuma ya shaba wakumbuke tena kufunga chumba cha mama na mutoto wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Katika jamaa yetu, ni nani ametumika muda murefu na hatujamushukuru? Ni nani anayejifunza pembeni yake? Na kama jirani akigonga usiku huu, ufunguo wa sanduku uko kwa nani?

Bwana awabariki mpaka mwezi ujao.

Muchungaji wenu