Moshi Haupiki: Wito kwa Majirani wa Eastlands



Saa kumi na mbili asubuhi, kabla matatu hazijaanza kugombania abiria, toroli la smoki, ile soseji ya moshi, huwa limeshafika stejini kwetu Eastlands, Nairobi. Juzi nilisimama kando ya mojawapo nikalitazama kwa makini, ingawa nimekula hapo miaka mingi. Kijana alichomoa smoki moja, akapitisha kisu katikati kwa urefu bila kuitenganisha, akaifungua kama daftari, akaijaza kachumbari kwa kijiko, akanyunyiza chumvi na kuminya sosi ya nyanya. Aliyeipokea ni msichana wa shule ya msingi, mkoba mgongoni. Noti ya shilingi mia ikaingia mkononi mwa kijana, chenji ikatoka, kisha mkono uleule ukarudi kwenye dhania. Maji hayakuwepo, wala hakuna aliyeyaulizia. Hata mimi sikuuliza.

Kutouliza huko ndiko kumenifanya niandike. Sitaki kumwondolea kijana huyu riziki, wala kumnyima mtu kitoweo anachokipenda. Smoki nyingine ni za nguruwe, na nguruwe ni chakula kizuri. Gramu 100 za nyama yake isiyo na mafuta, ikishapikwa, hukupa protini zaidi ya gramu 25, pamoja na zinki, vitamini B12, na vitamini B1 kwa wingi unaozidi nyama nyingi nyingine. Ninachowaomba ni tukumbuke mambo mawili. La kwanza: moshi haupiki. La pili: usalama wa nguruwe ni wa mtaa mzima, hata wa jirani asiyemla.

Nianze na moshi. Kabla ya friji kuwapo, watu walihifadhi nyama ya nguruwe kwa chumvi na moshi, na viwanda vikaurithi ujuzi huo. Hapa Kenya beikoni ilianza kama kiamshakinywa cha walowezi, ikitoka kwenye viwanda kama kile cha Uplands, karibu na Limuru. Leo nyama ya moshi imetufikia sisi kwa njia ya toroli: smoki pasua, au smocha, yaani smoki iliyokunjwa ndani ya chapati. Njia imebadilika, lakini kazi ya moshi ni ileile: kutia harufu, rangi na ladha, na kuchelewesha kuoza. Kuivisha nyama ni kazi ya moto.

Kuna moshi wa moto, ambao joto lake huivisha nyama, na moshi wa baridi, usioivisha. Smoki ya kiwandani kwa kawaida huiva hukohuko kiwandani, na kinachobaki kwetu ni kuitunza katika baridi na kuipasha vizuri. Beikoni nyingi hupitishwa kwenye moshi wa baridi: kwa nje inang'aa kama iliyoiva, kumbe ni mbichi. Rangi nayo hudanganya. Chumvi ya naitraiti inayotiwa kiwandani kuzuia vijidudu hatari ndiyo huifanya nyama ibaki na wekundu hata baada ya kuiva. Kwa hiyo usipime kwa macho. Soma maandishi ya pakiti. Yakisema ipikwe kabla ya kuliwa, ipike.

Sasa nije kwa jirani. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu anaweza kubeba minyoo ya tegu. Ndani ya nyama yake hukaa vifuko vyeupe vidogo, vingine kama punje ya mchele, vingine kama njegere. Ukila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwako, na pengine usijue lolote. Lakini mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Usiponawa mikono vizuri, mayai yanahamia kwenye kile unachokishika: kitunguu, nyanya, dhania. Anayeyameza hapati tegu wa tumboni. Kwake mayai hugeuka vifuko mwilini, na vikifika kwenye ubongo vinaweza kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mahali ugonjwa huu ulipoenea, takriban asilimia 30 ya watu wenye kifafa wanaweza kuwa wameupata kwa njia hii.

Angalieni maana yake. Anayekula nyama mbichi anaweza kubaki mzima, na kifafa kikampata anayekula kachumbari tu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York wanaoshika sana dini yao, watu wasiogusa nguruwe kabisa, ambao walipatikana na vifuko hivyo ubongoni. Uchunguzi ulielekeza kwenye wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujua. Kwa hiyo jirani yangu Mwislamu wa Pumwani au Eastleigh, na jirani yangu Msabato wa Umoja, wana haki ya kuniuliza ninavyompika nguruwe wangu na ninavyonawa mikono yangu. Sahani ni yangu, lakini madhara yake yanaweza kuwafikia wao.

Wito wangu wa kwanza ni kwa wapishi wa nyumbani. Nguruwe asiyepitia moshi, mkate vipande vidogo na umwivishe hadi ndani, pasiwe na wekundu katikati wala maji ya damu anapochomwa kwa uma. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71. Mchemshe kwa maji kidogo na usiimwage ile supu, kwa sababu vitamini B1 huyeyuka humo. Ukimaliza kukata nyama, osha ubao na kisu kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Ukichoma, usisubiri mafuta yadondoke hadi nyama iwe nyeusi, kwa maana masizi hayo hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Na tafadhali, moto wa jiko usiwashwe kwa plastiki, wala nyama isichomwe kwa mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au dawa. Moshi wa vitu hivyo ni sumu, nao hutua juu ya chakula.

Nguruwe wa moshi kwangu ni kiungo. Simfanyi mlo mzima. Robo kilo hutosha sufuria ya maharagwe ya nusu kilo. Mkate vipande vidogo, mchemshe dakika kumi, kisha umwage maji hayo, kwa kuwa yamebeba chumvi nyingi. Kaanga kitunguu kwa mafuta yanayotoka kwenye nyama yenyewe, ongeza nyanya na karoti, rudisha nyama, kisha mimina maharagwe yaliyokwisha kuiva na uache yatokote taratibu. Chumvi usiiguse hadi uonje mwisho; mara nyingi haihitajiki. Pakua na sukuma wiki na ugali, watu sita washibe. Harufu ya moshi inabaki sufuria nzima, na kila mtu amekula nyama kidogo na mboga nyingi.

Nasisitiza chumvi kwa sababu. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Nyama ya moshi na soseji mara nyingi huwa na gramu 2 hadi 3 katika kila gramu 100, na sisi tunaongezea nyingine juu ya kachumbari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Wengi wetu tunao wazazi wanaomeza dawa zake kila asubuhi.

Wito wa pili ni kwa wazazi. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama ya kusindikwa, yaani soseji, beikoni na jamii yake, miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana huongezeka kwa asilimia 18. Hiyo haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari uliyokuwa nayo inapanda kwa kiasi hicho. Smoki moja hukaribia uzito huo. Neno la kushika hapo ni "kila siku". Smoki ya Jumamosi, mtoto akitoka mpirani, ni furaha yake. Smoki ya kila asubuhi badala ya uji na yai ni mazoea yanayomjengea mwili vibaya. Tangu 2023 mpango wa Dishi na Kaunti huwapa watoto wa shule za umma za Nairobi chakula cha mchana cha moto kwa shilingi 5. Kama shule ya mwanao imo, mwandikishe. Shilingi 5 za wali na maharagwe zinamjenga zaidi kuliko smoki inayouzwa mara kadhaa ya bei hiyo.

Wito wa tatu ni kwenu wauzaji, wa toroli na wa bucha. Ninyi ndio mnaotulisha, na kazi yenu ni ngumu. Smoki zikae katika baridi hadi wakati wa kupashwa. Zikishapashwa zibaki moto kweli, nyuzi 60 kwenda juu, si vuguvugu kutoka asubuhi hadi jioni. Kachumbari ikatwe kidogo kidogo na ifunikwe. Mmoja ashike pesa na mwingine chakula. Ukiwa peke yako, tumia koleo. Na mseme kweli. Smoki ya nguruwe iitwe ya nguruwe, ya ng'ombe iitwe ya ng'ombe, na visu visichanganywe. Anayeuliza kwa sababu ya dini yake ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli, maana kumficha ni kumvunjia heshima katika jambo zito kuliko tumbo.

Wenye bucha, tuonyesheni mhuri wa mkaguzi bila kuombwa mara mbili. Machinjio ya nguruwe yapo, kama yale ya Ndumbuini huko Kabete. Nyama iliyochinjwa nyuma ya nyumba usiku haina sababu ya kufika kwenye ndoano yenu. Wote tunajua kuna nguruwe wanaochakura jaa la Dandora, ambako mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulikuta nusu ya watoto 328 waliopimwa wana madini ya risasi kupita kiasi katika damu. Pia tunajua kwamba homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921, ikizuka mtaani nyama huuzwa kwa bei ya kutupa. Homa hiyo haimpati binadamu, lakini nyama inayokimbizwa sokoni kwa haraka huwa pia imemkimbia mkaguzi. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, mnunuzi na auulizie mhuri.

Wito wa mwisho ni kwa sisi sote. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kila steji ya Eastlands ilipata ndoo yenye mfereji na kipande cha sabuni. Makanga hakukuruhusu kupanda gari bila kunawa. Hatukungoja semina, tulichanga, tukanunua, tukajaza maji. Ndoo zile sasa ziko majumbani mwetu, nyingine zinahifadhi unga, nyingine zimepandwa dhania. Naomba tuzirudishe: ndoo moja kwa kila toroli. Wapangaji wa ploti moja wanaweza kuchangia ndoo na sabuni, mwenye duka jirani anaweza kujaza maji asubuhi, muuzaji ataitunza. Wawakilishi wetu wa wadi na maafisa wa afya wa kaunti, tunawaomba mtuletee maji ya mfereji karibu na steji, na mje kufundisha kabla ya kuja kukamata matoroli.

Mimi nimeshaanza. Ndoo yangu ya bluu, iliyokuwa jikoni ikiwa na mchele, niliisafisha Jumapili nikaipeleka stejini. Yule kijana wa toroli aliiweka juu ya kreti la soda, akaukaza mfereji uliokuwa ukivuja, akanawa. Kisha akamwelekeza kwa kidole msichana wa mkoba aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni: kwanza maji, halafu smoki.