Steringi Hafi, Liyongo Akafa

Kwa miaka mingi nilifundisha Fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari, na kila nilipofika kwenye kifo cha Fumo Liyongo, swali lile lile lilizuka kutoka madawati ya nyuma: "Mwalimu, mbona steringi amekufa?" Darasa lote lilicheka isipokuwa mimi. Neno hilo nililiona takataka iliyookotwa kwenye vibanda umiza vya Tandika na Mbagala.

Mwaka mmoja kijana wa Kidato cha Tatu aliandika kisa cha Liyongo kwa mtindo wa Lufufu. Sultani wa Pate alimgeuza baba mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita. Nilimpa sifuri kwa wino mwekundu. Leo naandika kukiri kwamba nilikosea.

Kwa wasomaji wasiokijua, kibanda umiza ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na kiingilio kidogo. Filamu ni ya kigeni, lakini juu ya sauti za waigizaji hupanda sauti ya Mswahili mmoja anayeeleza, anayeonya na anayetania. Lufufu alivuma kwa kazi hiyo hapa Dar es Salaam, DJ Mack naye akapata jina, na Kenya wanaye DJ Afro. Siku hizi sauti hizo zinasikika pia kwenye simu za wajukuu zetu.

Sisi walimu tulimhukumu mtu huyu kama mfasiri, tukamwona mbovu, kwa sababu huongeza, hupunguza na huzua. Lakini yeye ni fanani. Ana hadhira mbele yake, ana kisa cha kuazima, na kazi yake ni kukifanya kisa hicho kiwe cha waliokaa kwenye benchi. Ndivyo walivyofanya bibi zetu kwa ngano zilizotoka Uarabuni na Uhindi.

Tena mashujaa wenyewe si wageni kwetu. Superman hadhuriki ila kwa jiwe moja. Liyongo hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Tofauti ipo kwingine. Liyongo alipofungwa gerezani, hakuokolewa na misuli. Alitunga wimbo wenye fumbo, kijakazi Saada akaupeleka kwa mama yake, na mama akamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Kelele za ngoma ya gungu zikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Shujaa wetu alijinasua kwa ulimi. Kwa kipimo hicho, ninapoingia kibandani, steringi wangu ni yule mwenye kipaza sauti.

Hata hivyo, mapenzi yasitupofushe. Nimesikia kwenye filamu hizo mizaha inayowalenga vilema, wanawake wanene na makabila ya watu, na vijana wanaangua kicheko. Ukilalamika unaambiwa, "Mzee, huo ni utani tu." Utani naujua. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana hata matangani, lakini mtani hujibu, tena hujibu kwa ukali zaidi, na kesho yake ndiye anayekusaidia kuzika. Mwanamke anayechekwa na sauti iliyorekodiwa hana pa kujibia. Kumcheka hivyo ni kumdhihaki, hata tukikuita utani.

Na tazameni mzaha wetu unaelekea wapi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Baadaye alishtakiwa kwa kosa jingine, la laini ya simu. Hapo kila mchekeshaji alijifunza somo lake: kumcheka mkubwa kuna gharama, kumcheka mnyonge ni bure. Basi tusishangae wengi wakichagua cha bure. Mimi nauthamini mzaha unaopanda ngazi, hata unaponikera, kuliko unaomkanyaga aliye chini.

Kwa hiyo, washairi wenzangu, naomba tuache kuziba masikio. Fanani wa kibandani anahitaji wahakiki kama malenga yeyote: wa kumsifu anapoibua taswira safi, na wa kumkemea anapomdhalilisha mtu. Anahitaji pia visa. Utenzi wa Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unasubiri sauti ya namna yake.

Mjukuu wangu alipotazama *Avengers: Endgame*, ya mwaka 2019, alinuna jioni nzima kwa sababu Tony Stark alikufa, naye ameshikilia siku zote kwamba steringi hafi. Nikamkalisha barazani nikamsimulia Liyongo, mpaka pale alipokufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa na kiu wakiogopa maiti. Mtoto alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Babu, hiyo ya Liyongo imetafsiriwa na nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nilimkumbuka yule kijana wa Kidato cha Tatu na sifuri yangu.