Diski za Breki na Roho za Abiria

Alfajiri, penye vituo vya magari vya Katoro, Kahama na Geita mjini, huonekana yale magari madogo ambayo wananchi wameyapa jina la michomoko yakijazwa abiria na mizigo. Waingiao humo ni wachimbaji wa dhahabu, wachuuzi, watumishi, na akina mama waendao mnadani. Habari ya kujaza watu kupita kiasi imekwisha semwa sana, nasi leo hatutairudia. Twataka kuisema ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, ambayo mafundi huiita diski.

Diski huliwa. Kila dereva akanyagapo breki, pedi huibana pande zote mbili, na chuma huondoka kidogo kidogo. Katika barabara zetu za changarawe, vumbi lenye chembe za mchanga mgumu huingia katikati likasaga kama msasa. Diski iliyokwisha kuwa nyembamba haina tena uwezo wa kuchukua joto jingi. Hupata moto upesi, breki hulegea saa ile ile zinapotakiwa, na mwisho chuma chaweza kupasuka. Dereva aliyeteremka Sekenke, akitoka Singida kwenda Shinyanga, gari limejaa na mguu u juu ya breki toka kileleni, aelewa twasema nini.

Basi diski ichaguliweje? Wengi huchagua kwa macho na kwa bei. Ajabu ni kwamba diski nyingi zimeandikwa zenyewe kikomo chake: ukingoni au penye kitovu hupigwa herufi MIN TH na tarakimu za milimita, yaani unene ambao chini yake haifai kutumika. Kwa magari madogo, tofauti kati ya diski mpya na diski iliyokwisha mara nyingi ni kama milimita 2 tu. Jicho haliwezi kuona hayo. Kipimo cha fundi chaweza. Kwa hiyo diski ya mtumba tusiikatae kwa jina lake, wala tusiisifu kwa kuwa imetoka Japani. Ipimwe. Yenye ukingo ulioinuka kama mdomo wa sahani imekwisha liwa, hata ikiwa imepakwa rangi ikang'aa. Vile vile anayetaka kuichonga kwenye mashine apime kwanza, maana kuchonga ni kupunguza.

Kuna na zile zenye matundu na mifereji, ambazo vijana huzipenda kwa kuwa zaonekana kama za magari ya mashindano. Kwa Probox au IST ibebayo abiria, hatuoni faida yake: tundu ndilo mahali ufa upendapo kuanzia, na tope la masika hujaa humo. Diski ya kawaida, yenye uwazi wa kupitisha hewa katikati kama ile iliyotoka kiwandani, ya kipenyo na unene ule ule, yatosha. Inunuliwe jozi, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Fundi naye asugue kutu yote penye kitovu kabla ya kuifunga, kwani uchafu wenye unene wa unywele mmoja watosha kuifanya diski iyumbe, na baada ya safari nyingi usukani huanza kutetemeka. Hapo mwenye gari hulaumu duka, kumbe kosa lilifanyika gereji.

Lakini neno kubwa si la fundi. Dereva wa mchomoko hupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Ikiwa fedha ya diski yatoka katika mabaki hayo, atanunua ya bei ya chini kabisa. Ikiwa siku ya matengenezo nayo yadaiwa hesabu, hatalipeleka gari gereji hata kidogo. Hatuwezi kumlaumu kwa ukali. Chuma kile ni mali ya mwenye gari, faida ni yake, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani. Twaona ni haki tajiri alipe diski na pedi mwenyewe, na aisamehe hesabu ya siku ambayo gari liko kwa fundi.

Wenye maduka nao tunalo ombi kwao. Kazi ya kupambana na bidhaa bandia imewekwa mikononi mwa Tume ya Ushindani, lakini tume haiwezi kusimama katika kila duka la Kahama. Muuzaji aweke kipimo juu ya meza, mnunuzi aipime diski mbele yake kabla ya kutoa fedha, na risiti iandike aina ya gari na unene uliopimwa. Asiyekubali mali yake ipimwe, madereva wampite waende duka la pili.